Kaburi la Tano Kutoka Langoni

Historia ya kituo chetu cha hija ilikuwa na kurasa sita, na kwa miaka ishirini na miwili mimi ndiye niliyeipiga chapa kila sikukuu ilipokaribia. Ukiwa karani wa parokia kwa muda wote huo, kuna maneno ambayo vidole vinayajua hata kichwa kikiwa sokoni. "Mwaka wa ndui, kila mwenye miguu alipokimbia, Mwalimu alibaki peke yake na wagonjwa thelathini katika banda lililo nyuma ya misheni." Kwenye hilo "peke yake" nilikuwa napiga haraka kuliko mahali pengine pote. Nilijua hapo ndipo msomaji anapotafuta leso.

Mwalimu alikuwa katekista. Hakuwa padri wala daktari, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa aliyefundisha watoto sala. Alikaa na wagonjwa majuma saba, akawaosha, akawazika waliokufa, na mwishoni ndui ikamchukua yeye mwenyewe. Walipona watu kumi na sita. Banda likachomwa moto pamoja na mikeka, nguo, na hata karatasi zilizokuwa ndani. Mwaka uliofuata, siku ileile aliyofariki, mwanamke mmoja kati ya wale kumi na sita alirudi kwa miguu akiwa na ufagio. Akafagia kaburi, akapiga magoti, akaenda zake. Mwaka wa pili wakaja wote. Baada ya hapo wakaanza kuja watu ambao ndui hawakuijua, ila walikuwa na magonjwa yao, na ndoa zao, na watoto wao walioondoka bila kuaga. Pakajengwa kikanisa cha miti, kisha cha mabati, na sasa paroko wetu alikuwa anamalizia kanisa la zege la watu elfu mbili. Tulimwita Padri Saruji, si mbele yake, kwa sababu hata mahubiri ya Pasaka aliyamalizia kwenye mifuko ya saruji.

Hiyo ndiyo historia yetu, na mpaka Jumatatu ile niliiamini neno kwa neno.

Wiki hiyo ilikuwa kubwa. Askofu alikuwa ameruhusu mifupa ya Mwalimu ihamishwe, ilazwe chini ya altare ya kanisa jipya. Kaburi lilipangwa kufunguliwa Alhamisi mbele ya mjumbe wa askofu. Kabla jembe halijagusa udongo, mtunza makaburi alitakiwa kuweka mkono juu ya Biblia na kuapa kwamba hilo ndilo kaburi lenyewe. Karani wa parokia alitakiwa kuandika kiapo hicho. Karani ni mimi. Mtunza makaburi ni baba yangu.

Watu walimwita Mzee Chokaa. Kwa miaka zaidi ya hamsini mikono yake haikuwahi kutakata ikawa na rangi ya mikono ya watu wengine. Tuliishi wawili katika vyumba vilivyoungana na lango la makaburi tangu mama alipofariki. Mume niliwahi kuwa naye, lakini hiyo ni historia nyingine, na haina mahujaji.

Jumatatu asubuhi Padri Saruji aliniambia niambatanishe na kiapo nakala ya daftari la zamani la maziko. Nililitoa kwenye kabati la chuma. Wadudu walikuwa wamekula kingo zake zote, lakini katikati paliandikwa vizuri, kwa wino wa kahawia na mwandiko uliolala upande mmoja. Waliozikwa mwaka wa ndui walikuwa kumi na sita, katika safu mbili za makaburi manane manane. Wagonjwa walikuwa kumi na wanne, na juu yao Mwalimu na mtu mmoja zaidi. Safu ya pili ilihesabiwa kutoka langoni. La nne: Katekista. La tano: Mpishi, mwanamke.

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Ni ugonjwa, nakiri, na mume wangu alikuwa na jina baya zaidi la kuuita. Nikachukua kalamu na karatasi nikaenda kuhesabu.

Makaburi ya safu ya pili yalikuwa na misalaba ya mbao inayofanana, iliyotengenezwa na seremala mmoja katika juma moja, kila mmoja umechomekwa kwenye bomba fupi la chuma lililozikwa ardhini. La kwanza sawa. La pili sawa. La tatu sawa. La nne, msalaba ulisema MPISHI. La tano, msalaba ulisema MWALIMU.

Nikarudi langoni nikahesabu upya, safari hii nikigusa kila msalaba. Ikawa vilevile.

Kwenye la tano ndiko kulikokuwa na kila kitu: kipiga-magoti cha saruji kilichochimbika kwa magoti ya watu, nta ya mishumaa, maua, na kishimo ambamo mahujaji huchota udongo wa kupeleka nyumbani. Kwenye la nne mahujaji waliweka mizigo yao. Viatu, chupa za maji, vikapu, watoto waliolala. Nimewahi kuketi hapo mwenyewe nikamenya chungwa. Nilisimama kati ya makaburi hayo mawili, nikakunja karatasi yangu, nikaenda kumtafuta baba.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba akikoroga chokaa kwenye pipa kwa mti mrefu. Sikuzungusha maneno.

"Baba, msalaba wa Mwalimu uko kwenye kaburi lisilo lake."

Mti ukasimama. Kisha akaendelea kukoroga, polepole zaidi.

"Nani kasema?"

"Daftari limesema. Na vidole vyangu vimehesabu."

"Basi ni lile kosa," alisema, kwa upesi ulionishangaza. "Nililifanya zamani, kabla hujazaliwa. Unajua kila mwaka natoa misalaba nipake chokaa. Naiegemeza kwenye ukuta wa mashariki kwa mpangilio wake, ikikauka nairudisha. Mwaka ule ukuta huo ulikuwa unajengwa upya, nikaiegemeza kwenye wa magharibi. Sasa ukigeuka kutazama makaburi, kushoto kumekuwa kulia. Nikaanzia upande usio wake. Ndiyo hivyo. Mtu hukosea."

Nilimwonea huruma. Nikamwambia basi, tutamweleza Padri Saruji, kosa la kibinadamu, litarekebishwa kabla ya Alhamisi. Akaendelea kukoroga. Nikarudi ofisini nikaweka karatasi kwenye mashine, nikaandika mstari mmoja, na hapo mkono ukakwama.

Kama misalaba minane ilirudishwa kinyume, basi wa kwanza ungekuwa kwa wa nane, wa pili kwa wa saba, wa tatu kwa wa sita, wa nne kwa wa tano. Yote ingekuwa imekosewa. Lakini sita ilikuwa mahali pake. Nilikwenda kuangalia tena ingawa nilijua. Sita sawasawa, miwili imebadilishana. Kosa la namna ile haliwezi kuacha misalaba sita salama. Mtu alilirekebisha, kisha akaacha kulirekebisha.

Nilimkuta ndani, ameketi mezani, hajala. Damu ilikuwa inanichemka.

"Sita uliirudisha," nilimwambia. "Kwa nini miwili uliiacha?"

Baba aliinua uso. Alikuwa na miaka sabini na minane, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoiona yote usoni mwake.

"Keti," alisema.

"Nitasimama."

"Basi simama. Lakini usinikatize." Akafuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Yule mpishi ni mama yangu."

Nikaketi.

Nilijua kwamba bibi yangu alikufa baba akiwa mdogo na kwamba baba alilelewa na misheni. Zaidi ya hapo hakuwahi kusema, nasi tulikwishazoea kutomwuliza. Sasa alisema. Alisema alipokuwa na miaka minne mama yake alikuwa anapika misheni, na wengine walipokimbia yeye alimwacha mtoto kwa masista akaingia bandani na sufuria yake. Majuma saba alikoroga uji wa watu thelathini, akawanywesha wasioweza kushika kikombe. Alikufa siku tatu kabla ya Mwalimu.

"Kila mwaka nakusikia ukigonga mashine yako," alisema. "Peke yake, peke yake. Najiuliza, na uji nani alikoroga? Malaika?"

"Mbona hukusema?"

"Nimekuambia usinikatize." Akafuta meza tena. "Mwaka ule wa ukuta, asubuhi ya sikukuu, nikaona msalaba wa mtoto mchanga umesimama kwenye kaburi refu. Hapo nikajua nimeboronga. Nikaanza kubadilisha. Wa kwanza na wa nane, wa pili na wa saba, wa tatu na wa sita. Ikabaki ile miwili ya katikati. Nilikuwa nimeushika wa Mwalimu hivi, kwa mikono miwili, lango likafunguka. Akaingia yule bibi wa ufagio."

"Yule wa kwanza kabisa?"

"Yeye. Alikuwa mzee tayari. Akaja moja kwa moja, akasimama, akautazama msalaba. Akageuka akatazama lango. Akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne. Akahesabu tena, kama wewe leo. Halafu akanitazama mimi na mikono yangu juu ya ule msalaba. Alijua, mwanangu. Mtu aliyefagia kaburi miaka ishirini na mitatu hawezi kulisahau. Nikafungua mdomo nimwombe radhi, akaweka kidole mdomoni. Nyamaza. Kisha akapiga magoti pale pale, kwenye la tano, kwa mama. Akalia. Akalia mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka na hakukiokota."

Nje kulikuwa na mtu anafagia uwanja wa kanisa, na sauti ya ufagio ilituingilia chumbani.

"Nilikuwa na miaka ishirini na saba," aliendelea. "Sikuwahi kumwona mtu akimlilia mama yangu. Mimi mwenyewe sikumlilia. Siku aliyozikwa walinipa kipande cha sukari, nikanyamaza. Yule bibi alipoinuka aliniambia hivi: Mwalimu alituosha, lakini aliyenitia uji mdomoni ni huyu. Akaenda. Nyuma yake lango lilikwishajaa watu, wote wakapiga magoti alipopiga yeye; enzi hizo alama ilikuwa msalaba tu."

"Na kesho yake? Sikukuu ilipokwisha?"

"Kesho yake niliushika tena. Mikono ikakataa."

"Mikono imekataa miaka hamsini na mmoja?"

"Wewe ndiye msomi. Hesabu."

Sijivunii nililosema baadaye, lakini nitaliandika. Nilimwambia kwamba mama yangu alipougua tulikwenda pale siku tisa mfululizo, yeye na mimi, goti kwa goti. Nilimwambia nilimwomba Mwalimu mpaka sauti ikanikauka, na yeye kando yangu akijua fika kwamba Mwalimu hayupo hapo, ananisikiliza tu nikipiga kelele kwenye mlango wa nyumba nyingine.

"Nilikuwa namwomba mama yangu amwangalie mke wangu," alisema.

"Na hakumwangalia."

"Hakumwangalia," alikubali, na sauti yake ilivunjika hivi kwamba nilitamani kuyarudisha maneno yangu kinywani. Lakini sikuomba radhi. Bado nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa haina haraka ya kuondoka.

Baada ya muda nilimwuliza alichokusudia kufanya Alhamisi. Alitazama mikono yake.

"Nikisema kweli, watamchukua Mwalimu wamlaze altareni. Hewala, ni haki yake. Lakini mama atarudi kuwa mahali pa kuwekea viatu. Nikinyamaza..." Hakumalizia, na hakukuwa na haja. Akinyamaza, mpishi wa misheni angelala chini ya altare ya zege, watu elfu mbili wangemwinamia kila Jumapili, na hakuna jembe ambalo lingemwondoa tena.

"Ukinyamaza utakuwa umekula kiapo cha uongo."

"Najua."

"Na Mwalimu atabaki anakanyagwa."

"Amekanyagwa miaka hamsini na mmoja, hajalalamika."

"Baba!"

"Samahani," alisema haraka, akajifanyia ishara ya msalaba. "Yule alikuwa mtu mwema. Alimbatiza mama siku aliyokufa. Kila jioni namwomba msamaha nikifunga lango." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Na lile daftari? Si umesema linaliwa na wadudu?"

Nilimwelewa. Ukurasa mmoja tu, wadudu walikwishaanza kazi, nani angeshangaa wakiimaliza. Na ninakiri kwamba nililifikiria. Nililifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyekuwa anampigia baba yake kelele muda si mrefu uliopita.

"Sikiliza," nilimwambia. "Mimi ndiye nitakayeandika. Ukisema ndiyo, mkono wangu utaandika ndiyo, sitakuumbua mbele za watu. Lakini ujue ni mkono wangu."

Jumanne hatukusemeshana. Jumatano niliinakili safu ya pili kwa mashine, la kwanza hadi la nane, kama ilivyokuwa, nikaitia kwenye bahasha. Padri Saruji alipita mara mbili kuiulizia. Mara ya kwanza nilimwambia utepe wa mashine umekwisha. Mara ya pili nilimwambia kesho. Alikuwa na mambo ya vigae vya altare kichwani, hakuning'ang'ania. Jioni alifika mjumbe wa askofu, padri mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Alisoma kurasa zangu sita akiwa amesimama mlangoni.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ndiyo yote?"

"Kesho, padri," nilijibu. Alibadilisha miwani akanitazama, hakuuliza zaidi.

Usiwaze kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa na bahasha na sikujua nitaifanyia nini. Baba akiapa uongo, nitaitoa? Nitasimama mbele ya parokia nzima nimwambie mzee wa miaka sabini na minane kwamba amemdanganya Mungu kwa ajili ya mama yake? Au nitaiacha mfukoni, nirudi ofisini kupiga chapa kurasa sita mpaka nistaafu? Nilimpelekea chakula, akakitazama, akasema asante. Hilo ndilo neno pekee tulilopeana siku mbili.

Alhamisi asubuhi walibeba meza ndogo mpaka makaburini wakaitandika kitambaa cheupe. Juu yake waliweka Biblia, msalaba, na fomu zangu. Mahujaji waliokuwa wamewahi walizuiwa nyuma ya kamba karibu na lango, kama watu mia moja hivi. Wachimbaji wanne walisimama na majembe mapya. Halmashauri ya parokia ilivaa suti. Mizigo ya watu ilikuwa bado imelala kwenye kaburi la nne, hakuna aliyeona sababu ya kuiondoa.

Baba alikuja amevaa koti lake la harusi. Alitoa ufunguo wa lango shingoni, ule ambao hakuuvua hata akienda kuoga, akauweka mezani. Padri Saruji alitabasamu. Alidhani ni adabu.

Mjumbe alimwongoza kiapo, naye akakirudia neno kwa neno, mkono juu ya Kitabu. Ulikuwa mweupe kuliko kitambaa. Kisha mjumbe akasoma kwenye fomu:

"Wewe uliyetunza makaburi haya, unathibitisha mbele ya Mungu kwamba kaburi hili, la tano kutoka langoni, ndilo kaburi la katekista anayeitwa Mwalimu?"

Kalamu yangu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Baba aligeuka akalitazama kaburi, nta yake, maua yake, kile kipiga-magoti kilichochimbika. Alilitazama kwa namna ambayo nimeona watu wakitazama basi linaloondoka na mtu wao. Mjumbe akasubiri. Padri Saruji akakohoa.

"Hapana," alisema baba. "Hapa yupo mama yangu."

Nyuma ya kamba mtu mmoja alisema "Eh!" Padri Saruji alikuja upesi akamshika baba begani.

"Mheshimiwa, mzee wetu amechoka. Umri. Jana hata kula hakula, binti yake ataniunga mkono."

"Hajachoka, padri," nilisema. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. Nikatoa bahasha nikaiweka mbele ya mjumbe. "Nakala ya daftari hii hapa. Na asiyeamini akahesabu mwenyewe."

Mjumbe alisoma. Akabadilisha miwani, akasoma tena, akaenda langoni akarudi akihesabu kwa sauti ya chini. Kisha akamwambia baba asimulie, naye akasimulia yote akiwa amesimama, tangu ukuta wa mashariki mpaka kidole cha yule bibi. Hakujitetea. Alipofika mahali pa kipande cha sukari, mama mmoja wa halmashauri aligeuza uso. Mimi niliandika, na kuna mahali wino umetanda kwa sababu sikuwa nauona mstari.

"Umetudhalilisha, Mzee Chokaa," alisema Padri Saruji, taratibu, bila ukali. "Miaka yote hii. Na watu wote hawa."

"Ni kweli, padri."

Padri Saruji alisimama kidogo akitikisa kichwa. Kisha akaenda kwenye la nne, akainama na kanzu yake nyeupe, akaanza kuondoa mizigo mmoja mmoja kwa mikono yake, na alipofika kwenye viatu akaviondoa pia.

Walichimba hapo. Ilichukua karibu saa mbili. Walikuta mifupa ya mtu mfupi, na kwenye kifua chake kengele ndogo ya shaba ya kuwaitia watoto kwenye mafundisho. Hakuna karatasi iliyowahi kusema kwamba alizikwa nayo. Mchimbaji alipoiinua, haikulia, ulimi wake ulikwishaliwa na kutu, lakini watu wote nyuma ya kamba walipiga magoti papo hapo, wala hakuna aliyewaambia wapige upande gani.

Nilianza kukusanya karatasi zangu. Mjumbe akanizuia.

"Bado," alisema. "Watu wamesali kwenye la tano miaka hamsini na mmoja. Nalo lazima liandikwe." Akachukua fomu nyingine akanisogezea. "Jina la marehemu."

"Daftari limesema mpishi, mwanamke."

"Mpishi ni kazi. Nauliza jina."

Nilimtazama baba. Naye alikuwa ananitazama mimi, akitumaini kwamba mimi niliyesoma makabati yote ya misheni nitakuwa nimelikuta mahali. Nikatikisa kichwa. Nilimwona akielewa.

"Alifika misheni akiwa amenibeba mgongoni," alimwambia mjumbe. "Hakuna aliyewahi kuja kumwulizia. Jina la ubatizo alipewa bandani, na vya bandani vyote vilichomwa. Kabla ya hapo aliitwa nani, sijui. Nilikuwa na miaka minne. Nilimwita mama tu."

Mjumbe alivua miwani yote miwili.

"Andika alivyoitwa na mwanawe," aliniambia.

Nikaandika. Nikamgeuzia baba fomu aweke sahihi, nikamwonyesha mahali. Macho yake hayasomi tena mwandiko mdogo. Alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Nisomee kwanza."

"Kaburi la tano kutoka langoni," nilisoma. "Mama."

Baba alikuwa analia sasa, bila kujificha, mikono imening'inia kando ya lile koti.

"Tena," alisema.

Nikamsomea tena, kwa sauti ya kuwafikia walio nyuma ya kamba.